Chuma Chini ya Kitanda

Siku ambayo mkaguzi wa bima alitarajiwa, nyumba ya Nestory Masele pale Mkolani, Mwanza, iliamka mapema ili kuficha ukweli, na kama ilivyo kwa watu wasioizoea kazi hiyo, waliifanya kwa kelele. Fundi Shimba alikuwa amelala chali chini ya usukani wa Corolla akifungua nati. Elias, shemeji wa Nestory, alisimama mlangoni mwa gari akimmulikia kwa simu na kumharakisha. Hellen, mke wa Nestory na dada wa Elias, alikuwa anazunguka uani akiuliza kila baada ya muda kama kumebaki alama.

Kilichokuwa kinafunguliwa ni chuma chenye urefu wa mkono wa mtu, kilichounganishwa na pedali kwa fito mbili. Ukikivuta, gari linaongeza mwendo. Ukikisukuma, linashika breki. Shimba alikitengeneza kwa bomba la maji na vipande vya baiskeli baada ya Nestory kukatwa mguu wa kulia juu ya goti, maana wa kushoto peke yake ulikuwa ukichanganya pedali. Kwa chuma hicho na gia ya otomatiki, Nestory alikuwa anasambaza vifaranga wa siku moja kutoka Buhongwa, kwa mwenye mashine ya kutotolesha, hadi kwa wafugaji wa Kisesa na vijiji vya mbele yake. Trafiki walimpima, wakampa leseni iliyosema wazi kwamba anaendesha gari lililobadilishwa. Trafiki walijua, majirani walijua, hata vifaranga walijua. Bima peke yao ndio hawakujua, kwa kuwa wakala aliyewakatia bima kubwa aliuliza mwaka wa gari na rangi yake tu, akapokea hela, akaaga.

Ajali yenyewe haikuwa na makuu. Karibu na Kisesa ng'ombe aliamua kuvuka barabara kwa wakati wake, Nestory akamkwepa, gari likaingia mtaroni na kujibamiza ubavu wa kushoto kwenye ukuta wa kalavati. Milango miwili ya upande huo ilibonyea ikagoma kufunguka, bampa likaning'inia, kioo kikamwagika. Nestory alitoka na mchubuko wa paji la uso. Watu wa Kisesa waliwakusanya vifaranga kwa kanga na kofia, wakawarudisha karibu wote, na ng'ombe akaendelea na safari zake bila kuulizwa chochote.

Tatizo lilikuwa kwamba Corolla hilo ndilo lililokuwa likiilisha nyumba. Dagaa wa Hellen pale sokoni walitosha kula, hawakutosha kulipa ada ya chuo ya binti yao Precious. Zaidi ya hapo, bila gari Nestory alikuwa mtu wa kukaa kibarazani, na aliwahi kukaa kibarazani mwaka mzima baada ya kukatwa mguu. Hakutaka kurudi huko. Kila aliyemjua alijua kwamba mwaka ule ulimuumiza kuliko msumeno wa daktari.

Basi ndipo Elias, ambaye anauza makava ya simu mjini na kwa sababu hiyo anajua kila kitu, akaja na elimu yake.

"Shemeji, bima wakiona gari limechezewa hawatoi hata senti," alisema. "Toeni hilo dude. Gari liwe kama lilivyotoka Japani."

Nestory alisema hapendi. Alisema hajawahi kumwibia mtu, na hataki kuanza uzeeni. Hellen akamjibu kwamba hakuna anayeibiwa, gari ni lao, ajali ni ya kweli, na wanachofanya ni kutompa mtu sababu ya kukataa. Nestory alimtazama Shimba akikitoa kile chuma, akakiona kinafungwa kwenye kitenge kuukuu na kusukumwa chini ya kitanda. Moyo ulimuuma. Alijisikia kana kwamba wamemwambia yeye ndiye aingie kule chini, wageni wasimwone.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nestory angekaa kwenye kiti nyuma ya meza kabla mgeni hajafika, kitambaa cha meza kikashuka hadi sakafuni, magongo na leseni vikawa chumbani. Elias angetembeza mgeni kwenye gari. Nestory angejibu maswali akiwa pale pale alipo, kama mzee yeyote anayepumzika baada ya ajali.

*

Mkaguzi alikuwa dada wa kama miaka thelathini na mitano, anaitwa Tasleem, mtu wa familia ya Kihindi ya hapa hapa Mwanza, anayezungumza Kiswahili cha Mwanza kuliko Elias. Alivaa raba na ushungi wa kijivu. Alimwamkia Nestory shikamoo, akampa pole ya ajali kwa namna iliyoonyesha kwamba anamaanisha, kisha akaenda uani, akalizunguka gari, akapiga picha, akainama, akaingiza kichwa ndani. Elias alikuwa anamfuata akieleza vitu ambavyo hakuulizwa.

Hellen alikuwa amepika kuku. Kwa kuwa alijua mgeni anaweza kuwa Mwislamu, alimwomba jirani yao Shabani amchinje kuku, na aliposema hivyo mezani Tasleem alicheka kwa furaha, akanawa, akala. Alisema kazi yake humpeleka kwenye nyumba nyingi, na nyingi humtazama kama amekuja kuchukua kitu. Walizungumza habari za mvua, bei ya sato, na ng'ombe wa Kisesa wasiojua sheria za barabarani. Nestory alijibu maswali yote vizuri. Nani alikuwa anaendesha? Mimi. Mwendo gani? Wa kawaida, nilikuwa na vifaranga. Hellen alianza kupumua. Alimpenda yule dada, na hapo hapo akaona vibaya kwa sababu ya kile kitenge kilicholala chumbani.

Tasleem akashukuru, akasimama, akaaga.

Kuna mambo ambayo mtu aliyelelewa na Wasukuma hawezi kuyaacha hata ukimfunga kamba, na mojawapo ni kutomwacha mgeni atoke nyumbani kwake peke yake. Mgeni husindikizwa. Aliyekula kwako ukamwacha avuke uani bila wewe, umemfukuza. Nestory alikuwa amekaa pale na mpango wote kichwani, akiujua neno kwa neno, lakini mgeni alipogeuka kwenda mlangoni, mwili wake uliufuata mlango. Alimwita Precious alete magongo. Precious, ambaye hajawahi kumbishia baba yake jambo la adabu, akayaleta. Hellen akaanza kukusanya sahani.

Nestory alimsindikiza Tasleem hadi kwenye gari lake, taratibu, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Njiani alimwambia karibu tena, siku nyingine aje na watoto. Tasleem alisimama kando ya Corolla. Aliutazama ule mguu wa suruali, akatazama pedali mbili kupitia dirisha lisilo na kioo, akamtazama mzee usoni.

"Mzee wangu, uliliendeshaje?"

Elias, nyuma yao, alikuwa na majibu matatu na yote yalikuwa mabaya. Nestory akasema tu kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaendesha.

"Mimi nitaandika nilichokiona," alisema Tasleem. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililowaumiza. Alishukuru tena kwa chakula, akaondoka.

*

Simu ilikuja Jumatatu. Kampuni ilisema kwamba, kwa taarifa ya mkaguzi, aliyetajwa kuwa dereva hakuweza kuliendesha gari lile. Kwa hiyo lazima liliendeshwa na mtu mwingine, na waliyemshuku ni binti wa nyumba ile, kwamba hana leseni na ndiyo maana anafichwa. Waje ofisini Alhamisi wajieleze, la sivyo dai linafungwa.

Hapo ndipo ujanja wa Elias ulipoonekana ulivyokuwa. Walikuwa wametoa kitu pekee kilichothibitisha kwamba Nestory ni dereva, wakamwacha kama mwongo mwenye mguu mmoja, na juu yake wakamtwisha Precious kosa ambalo hakulitenda. Mtoto wa watu hajui hata kuwasha gari. Elias alipopata habari alisema kuna mtu anamjua makao makuu, kisha akakumbuka ana mteja anamsubiri.

Usiku huo baada ya kula Nestory alimuuliza mkewe jambo lililomkaa kooni tangu Jumamosi ya ukaguzi.

"Mama Precious, kile chuma unakionea aibu?"

Hellen angeweza kusema hapana. Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita, na uongo wa wiki ile ulikuwa umemtosha.

"Kidogo," alisema. "Sio wewe. Sokoni wananiita mke wa dereva wa bomba. Nacheka nao, lakini nikifika nyumbani nachoka. Na nikikutazama unavyokisukuma barabarani, naogopa. Nilipoona kimetoka nilijisikia kama tumerudi vile tulivyokuwa."

Ilimuuma Nestory, lakini aliona nafuu kuujua ukweli. Akasema hawawezi kurudi vile walivyokuwa, kwa sababu mguu haupo, na Alhamisi ataenda kwa bima na chuma chake, wakimlipa wamlipe, wakimnyima wamnyime akiwa yeye mwenyewe. Hellen akasema wataenda wote. Kisha akapiga magoti, akakivuta kile kitenge kutoka chini ya kitanda, akakifungua na kukifuta chuma vumbi kwa upindo wa kanga yake.

*

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya pili, na jengo halikuwa na lifti. Nestory alipanda ngazi moja moja, Hellen nyuma yake na chuma ndani ya kitenge, watu wakiwapisha na wengine wakinung'unika. Binti wa mapokezi alimtazama Hellen akauliza kama mgonjwa wake anaweza kusaini mwenyewe. Nestory alimjibu kwamba anaweza, na kwamba yeye haumwi, ila amepanda ngazi nyingi. Binti akaona haya, akawaletea maji.

Meneja aliitwa Malimi. Alikuwa Msukuma wa rika la Nestory, mwenye miwani na uso wa mtu ambaye hudanganywa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Tasleem alikaa kando ya meza. Nestory hakusubiri kuulizwa. Alieleza yote, kuanzia ushauri wa shemeji hadi kitambaa cha meza, na hakumtupia Elias lawama, alisema nyumba ni yake na uamuzi ulikuwa wake. Hellen akasema hapana, uamuzi ulikuwa wa kwake. Wakabishana kidogo mbele ya meneja nani ana kosa, mpaka Malimi akavua miwani.

"Kwanza mlificha kwamba gari limebadilishwa. Pili mmetuficha kwamba mlificha," alisema. "Mimi hapa nina sababu mbili za kutokulipa, na nyote mnazijua."

"Tunazijua," alisema Nestory. "Lakini kwenye bima wakala wenu hakuniuliza. Na kwenye ukaguzi nimekuja kusema mwenyewe kabla hamjanishika. Leseni yangu hii hapa, trafiki walinipima na chuma hiki hiki. Ukitaka, nitakuonyesha."

Malimi alisema watu wengi humwambia watamwonyesha. Tasleem akasema angependa kuona, kwa kuwa ni yeye aliyeandika kwamba haiwezekani, na kama inawezekana anataka kuandika upya kwa mkono wake. Wakakubaliana Jumamosi, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya gereji ya Shimba.

Jumamosi hiyo uwanja ulijaa. Mkolani hakuna siri, na habari kwamba bima wanampima Nestory ilikuwa imefika hata kwa watu wasiomjua. Shimba alikirudisha chuma mahali pake, akakaza nati mara mbili, akarudi nyuma akifuta mikono kwenye ovaroli. Nestory aliingia, akapanga magongo yake kando ya kiti, akawasha. Aliliondoa gari pole pole, akalizungusha kwenye madumu waliyoyapanga, akarudi kinyumenyume kati ya mawili bila kuligusa hata moja. Kisha Malimi, bila kumwonya mtu, akarusha kofia yake mbele ya gari. Corolla lilisimama hapo hapo, pua imeinama, vumbi likalipita. Watu walipiga vigelegele. Malimi akaenda kuokota kofia yake, akaipangusa, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Kwa hiyo yule ng'ombe ana bahati," alisema.

*

Mazungumzo ya hela yalifanyika hapo hapo gereji, juu ya benchi la Shimba. Malimi alisema dai litapokelewa, lakini kwa gari la umri ule kampuni huona afadhali kulihesabu kwamba limekufa. Wangelipa milioni nne, mabaki yawe ya kampuni. Ni fedha nzuri, alisema, na akina Nestory wangeweza kuongeza kidogo wakapata gari jingine.

Hellen alimtazama mumewe, akaona jinsi alivyoinamisha kichwa. Gari jingine lingekuja na pedali zake, na miezi ya kutafuta vyuma na kusubiri trafiki, na kibaraza. Nestory aliogopa kuonekana anachagua bati bovu mbele ya milioni nne. Basi Hellen ndiye aliyesema. Hawauzi gari. Wanataka walipwe hela ya kulitengeneza, na libaki nyumbani.

Malimi akaanza na milioni mbili. Hellen, ambaye amebishania bei ya dagaa tangu akiwa msichana, akasema tatu, akamwita Shimba aeleze bei ya milango, kioo na rangi. Malimi akakumbusha kwamba waliofichwa ukweli ni kampuni, na hilo lina bei yake. Hellen akakubali kwamba lina bei yake, lakini si milioni nzima. Walipanda na kushuka hivyo mpaka chai ya Shimba ikapoa, wakafunga kwenye milioni mbili na laki sita, na Malimi akasema ameshindwa na watu wengi lakini wengi wao walikuwa mawakili. Milango ya mtumba ingetosha, rangi wangepaka baadaye. Nestory alikuwa amefurahi kiasi kwamba alisahau kukaa, akasimama kwenye magongo muda wote.

Likabaki jambo moja. Malimi alisema safari hii chuma lazima kiandikwe kwenye bima, na kila kilichoandikwa kina thamani. Akauliza Shimba alikitengeneza kwa shilingi ngapi. Shimba akasema laki moja na themanini.

"Andika milioni mbili," alisema Hellen.

Wote walimgeukia. Malimi akaeleza kwa upole kwamba hawezi kuandika thamani zaidi ya mara kumi ya bei, na kwamba thamani ikipanda, na malipo ya kila mwaka yanapanda.

"Nitalipa mimi, na dagaa wangu," alisema Hellen. "Hiyo laki na themanini ni bomba na kazi ya Shimba. Mimi nilitaka kitolewe, nikakisukuma chini ya kitanda, nikaona nyumba ilivyokuwa bila hicho. Andika unayoweza, lakini isiwe laki na themanini."

Malimi alifikiri, akasema akizidisha milioni moja watamcheka makao makuu, akaandika milioni moja. Nestory aligeuza uso upande wa gereji, akajifanya anamtafuta Shimba ambaye alikuwa amesimama mbele yake. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hakuona sababu ya kuyafuta haraka.

Wageni walipoondoka ikawa zamu ya Nestory na mkewe. Kwa miaka yote ya kile chuma, Hellen alikuwa anapanda nyuma, akisema mbele kuna jua. Safari hii alipita mlango wa nyuma, akaja hadi mlango wa dereva na kusimama hapo, kwa kuwa wa mbele kushoto ulikuwa bado umegoma.

"Nataka kukaa mbele," alisema.

Nestory akarudi hatua na magongo yake kumpisha. Hellen ni mwanamke mnene, na haikuwa kazi ndogo. Alikunja kanga, akaingiza mguu mmoja, akakishika kile chuma kwa mkono ili ajiinue, akakivuka, akaangukia kiti cha abiria akihema na kucheka. Mumewe aliingia baada yake, akawasha gari, wakaenda zao Buhongwa kumwambia mwenye mashine kwamba Jumanne watakuja kuchukua vifaranga.